Sura ya Netta Dalgleish Ukutani

Netta Dalgleish alikaa mbele ya mchoraji majira yote ya baridi, kila Jumanne baada ya chakula cha mchana, wala hakuitazama picha yake hata mara moja. Mchoraji alikuwa Rhona Imrie, msichana wa ghorofa ya juu kabisa katika jengo lao, na kila alipoanza kuosha brashi zake alimwambia, "Bi Dalgleish, njoo basi uone tulipofika." Naye Netta, huku akifunga vifungo vya koti, alijibu kwamba uso wake anaufahamu, ameubeba miaka mingi, na viazi havitajimenya vyenyewe. Kisha alishuka ngazi hadi kwake ghorofa ya pili, moyo mweupe. Kwa mawazo yake, mwanamke anayekubali kuchorwa ili jirani yake kijana apate uso wa kujifunzia anatenda wema. Mwanamke anayesimama mbele ya picha yake mwenyewe na kuikodolea macho ni mtu mwingine kabisa, na mtu wa namna hiyo sisi wa mtaa wa Gorgie tukishamjua hatumwachi apumue.

Rangi ilipokauka, Rhona aliipeleka picha hiyo mashindanoni, ikachaguliwa, ikatundikwa katika jumba la taifa la picha za watu, katikati ya Edinburgh. Netta aliridhia kwa sharti moja, kwamba jina lake lisionekane popote. Kwa hiyo kibao kilichowekwa kando ya picha kilisomeka "Mwanamke wa Gorgie" na si zaidi, na kwa upande wake jambo lilikuwa limekwisha.

Halikuisha. Jumatano moja, maonyesho yakikaribia kufungwa, Rhona alishuka akagonga mlango, mikono ya sweta yake imejaa rangi hadi kwenye viwiko.

"Wanaitaka, Bi Dalgleish," alisema. "Si kwa maonyesho tu. Wanataka kubaki nayo moja kwa moja."

"Waichukue basi. Mimi sina pa kuiweka."

"Hawaichukui bila jina. Pale wanaweka watu, hawaweki nyuso tupu. Wanataka jina lako na kazi uliyofanya. Nami nilikuahidi halitatoka kinywani mwangu mpaka wewe mwenyewe useme."

"Na nisiposema?"

"Inarudi kwangu. Nitaigeuzia ukutani nyuma ya kabati, na sitakulaumu." Rhona alijikuna shavu akajiachia alama ya kijani. "Wanakutana Ijumaa asubuhi. Ukinijibu kesho jioni inatosha. Lakini ningependa ukaione kwanza."

"Nitakujibu kesho jioni," Netta alisema, akafunga mlango taratibu, kisha akasimama nyuma yake kwa muda mrefu kuliko alivyokusudia.

Jibu lilikuwa tayari kichwani mwake, nalo lilikuwa hapana. Lilikuwako humo tangu alipokuwa na miaka tisa. Siku moja alishinda mashindano ya kukariri mashairi katika ukumbi wa kanisa, akarudi nyumbani mbio na utepe wa buluu kifuani, na mama yake, aliyekuwa akikamua nguo jikoni, hakuuliza alikariri nini. Alimtazama kuanzia viatu hadi utepe, akasema, "Na wewe unadhani wewe ni nani?" Hakusema kwa ukali. Mama huyo naye aliambiwa hivyo na mama yake, kama wengine wanavyorithishwa sahani nzuri. Netta aliutoa utepe, akaushika upande wa pili wa shuka, wakakamua pamoja.

Tangu hapo alijifunza kukaa hatua moja nyuma ya mahali pake. Aliolewa na Dod Dalgleish wa kiwanda cha bia, akalea watoto wawili, na walipoanza shule akapata kazi katika jiko la shule hiyo hiyo. Mpishi mkuu alikuwa Bi Moffat, mwenye miguu mibovu na kiti cha kudumu karibu na dirisha. Supu ilikuwa ya Netta. Nyama ya kusaga na viazi ilikuwa yake, na kastadi yake ya maziwa na mayai haikuwahi kuwa na donge. Ndiye aliyejua ni mtoto yupi aliyekuja bila kunywa chai, akamjazia sahani bila kumtaja mbele ya wenzake. Bi Moffat alipostaafu, nafasi ilitangazwa, na wanawake wote wa jiko walingoja Netta apeleke jina. Netta naye alingoja aulizwe. Hakuna aliyemuuliza, maana kila mmoja alidhani ameshapeleka. Nafasi ikaenda kwa mwanamke wa upande mwingine wa mji, na ni Netta aliyemwonyesha upawa unapotundikwa. Alistaafu akiwa msaidizi. Hakulalamika, alikuwa akisema vyeo vina kelele.

Nyumbani, katika ngazi ile wanayotumia watu wa milango minane, hakuwa na cheo pia, ijapokuwa kibao cha zamu ya kuosha ngazi kilihama kutoka kitasa hadi kitasa kwa mkono wake, na hakikupata kukaa mahali kikasahauliwa. Jirani wa mlango unaotazamana na wake alikuwa Senga Pirie, mfupi, mnene, mwenye ulimi usio na likizo. Habari za picha zilipoenea Senga ndiye aliyeanza.

"Jana nilimwona malkia ngazini kabeba ndoo ya takataka," alimwambia Wattie Cairncross wa ghorofa ya chini, dereva wa basi mstaafu, Netta akiwa amesimama hapo hapo. "Nikajiuliza, nipige magoti au nisipige?"

"Ungepiga tungehitaji watu wawili wa kukuinua," Netta alisema.

"Usiogope, shoga, mimi huko siendi. Uso wako nauona bure kila siku, sihitaji kupanda basi."

"Wala mimi," Wattie alisema. "Jumba la wenye vyeo lile. Sijalikanyaga tangu nizaliwe, na sitaanza sasa na magoti haya."

Netta alicheka pamoja nao. Alipoingia ndani alijiambia kwamba amepata nafuu, na alijirudia neno hilo mpaka maji ya chai yakachemka.

Hata hivyo, kukataa kitu usichokiona kulimkera. Hakuwahi kurudisha chungu bila kuonja. Alhamisi asubuhi alimwambia Senga anakwenda kwa daktari wa miguu. Alivaa bruchi ya mama mkwe, akaivua, akavaa koti la kila siku ili mtu asidhani amejiandaa, akapanda basi.

Jumba lile limejengwa kwa mawe mekundu, na ukumbi wake wa mbele una dari ya buluu yenye nyota. Juu ya nguzo, wafalme na maaskofu na washairi wamechorwa wakitembea kwa mstari katika rangi ya dhahabu kuuzunguka ukumbi wote. Mtu wa mapokezi alimwinamia kwa adabu.

"Nikuelekeze mahali, mama? Unatafuta picha fulani?"

"Hapana, mwanangu. Nimeingia kukwepa upepo tu."

Baada ya kusema hivyo hakuweza tena kuuliza. Ikambidi alipitie jumba zima, chumba kwa chumba, akiutafuta uso wake mwenyewe kama mtu aliyeangusha glovu na hataki watu wajue. Alipita wakuu wa koo za milimani katika sketi zao za kiasili, magoti wazi, mkono kiunoni. Alipita majaji wekundu wa pua, malkia mwenye kola kama sinia, na mshairi aliyepauka ambaye bila shaka hakuwa akila vizuri. Kwa mazoea alianza kuwatazama kama foleni ya chakula cha mchana. Huyu angeficha kabichi chini ya uma. Yule angerudi mara ya pili na kudai ndiyo mara yake ya kwanza. Bibi yule mwenye lulu alihitaji tu mtu wa kumwambia akae vizuri. Jambo moja lilimgusa kadiri alivyoendelea: katika nyuso zote hizo hakuna hata mmoja aliyeonekana kuomba radhi kwa kuwapo.

Chumba cha maonyesho kilikuwa juu kabisa. Katikati palikuwa na benchi, na aliyeketi hapo, mgongo kwake, alivaa kofia aliyoijua, kofia ya mistari ya kijivu ambayo nyumbani huning'inia kwenye msumari wa ghorofa ya chini, kando ya baiskeli.

"Wattie Cairncross," alisema.

Wattie aligeuka polepole, kama dereva aliyesikia kengele wakati abiria wote wameshuka.

"Aa, Netta. Niliingia kwa sababu ya mvua."

"Mvua gani?"

"Ile iliyokuwa inakuja."

"Na magoti yako yamekufikisha huku juu?"

"Kuna lifti," Wattie alisema kwa heshima.

Mlinzi wa chumba, mama mmoja mwenye sare na nywele fupi, alipita akatabasamu. "Leo umewahi, baba. Na mwenzio je, yule wa skonzi? Hakuja?"

Wattie aliitazama sakafu kwa makini. Mara mlangoni alitokea Senga Pirie, pumzi juu juu, ameshika skonzi iliyofungwa kwa karatasi.

"Wattie, leo mkahawani wana za zabibu, nikakuletea…" Akamwona Netta. Mdomo ulibaki wazi kidogo, ukajifunga, ukafunguka tena ukiwa na maneno mengine. "Daktari wako wa miguu ana chumba kikubwa."

"Na wewe hupandi basi."

"Sikupanda. Nilitembea."

Hapo ndipo Netta, kwa kuwa hakuwa na mahali pengine pa kuelekeza macho, aliitazama picha.

Alikuwa amejiandaa kwa ubaya. Kwa ubaya angejua la kufanya: angeubeba nyumbani, angeuweka mezani pamoja na chai, awe wa kwanza kuucheka, na watu wa ngazi wangempenda zaidi kwa hilo. Kidevu cha pili, mikunjo, mifuko chini ya macho, vyote alikuwa ameshavipangia mizaha. Mikunjo ilikuwapo, na Rhona hakuiba hata mmoja. Lakini mwanamke aliyeketi kwenye kiti cha jikoni alikuwa amenyooka mgongo. Mikono ya blauzi ilikunjwa hadi viwikoni, viganja vimetulia juu ya magoti, kidevu juu. Macho yalimwelekea mtazamaji moja kwa moja, kama ya mtu aliyeuliza swali jepesi na yuko tayari kungoja jibu mpaka lipatikane. Nyuma yake hapakuwa na pazia wala mbwa wala mbuga za urithi, ila ukuta wa rangi ya chai ya maziwa. Hakuonekana kupungukiwa na chochote. Mwanamke huyo angeshuka chini kwa wale majaji akawatuma wakanawe mikono, nao wangekwenda.

Joto lilimpanda Netta kutoka shingoni hadi masikioni. Aliisikia sauti ya mama yake ikiuliza lile swali la siku zote, na kilichomwogopesha ni kwamba yule wa ukutani alionekana kulijua jibu.

"Huyu mtoto amenifanya nini?" alisema kwa sauti ya chini. "Amenikalisha kama mwenye nyumba."

"Amekuchora," Senga alisema.

"Mimi sitazami watu hivyo."

Senga na Wattie walitazamana. Wattie alivua kofia, akaiweka juu ya goti.

"Netta, unaikumbuka ile zamu yangu ya ngazi niliyoiruka, nikasingizia mgongo? Ulikuja ukagonga. Nikafungua. Hukusema neno hata moja, ulinitazama tu hivyo hivyo." Alionyesha picha kwa kidole gumba. "Niliosha ngazi yote mpaka kwenye mlango wa dari. Zamu yangu na za watu waliokuwa wamekwisha kuhama."

"Na mwanangu Kenny," Senga alisema. "Ana upara sasa, ana mke, ana watu kumi anaowasimamia kazini. Nikikutaja tu anakaa wima. Kabichi hakuwahi kuila kwangu, aliila shuleni kwa ajili ya macho hayo."

"Mimi nilidhani ni mtu mpole."

"Mpole, ndiyo. Mpole kama treni."

"Senga."

"Nakwambia ukweli, shoga. Miaka yote hii tunakuogopa, na hakuna aliyehama kwa sababu hiyo."

Netta alikaa kwenye benchi. Wattie alisogea kumpa nafasi. Kwa muda walikaa watatu kwa mstari kama wanaosubiri basi, na yule mwingine aliwatazama kutoka ukutani.

"Mbona mlisema hamji?" aliuliza baadaye.

"Wewe ulisema hutaki makelele," Senga alijibu. "Tukaona tusikuaibishe. Halafu nani angekuja kwako kukwambia amepoteza asubuhi nzima akikutazama? Kichwa chako kisingepita mlangoni."

"Kwa hiyo mmekuja mara ngapi?"

Senga alianza kuishughulikia karatasi ya skonzi. Wattie ndiye aliyejibu, na hakujibu swali.

"Si mbaya," alisema, akiitazama picha. "Hata kidogo si mbaya."

Netta aliinamisha kichwa. Mtu wa kwingine angeona hilo ni neno la baridi, lakini mjukuu wa kwanza wa Wattie alipozaliwa, mzee huyo alimshika mikononi, machozi yakimshuka hadi kwenye kola, na maneno aliyoyasema yalikuwa hayo hayo, wala hayakuzidi.

Mwanamke mmoja na binti yake mkubwa waliingia wakati huo, wakapita picha mbili tatu bila kusimama, kisha wakasimama mbele ya ile. Walikaa hapo muda mrefu. Senga alijifanya anatafuta kitu mkobani.

"Nani huyu?" binti aliuliza.

Mama aliinamia kibao. "Haijaandikwa. Mwanamke wa Gorgie. Mtu tu."

"Inasikitisha. Anaonekana kama mtu unayepaswa kumjua."

Wakaondoka. Viatu vyao vilisikika mpaka chumba cha pili. Netta aligundua kwamba amekunja mikono kifuani, na kwamba moyoni mwake kulikuwa na jambo ambalo hakulitegemea. Haikuwa aibu. Ilikuwa hasira, safi na yenye adabu, ile iliyokuwa ikimpanda yeye jikoni kila mtu mwingine alipotaka kumwaga supu nzuri kwa sababu saa imefika.

"Wanaitaka," aliwaambia. "Wabaki nayo. Lakini wanataka jina langu, na kazi yangu. Rhona anangoja jibu leo."

"Na umemjibu nini?" Senga aliuliza.

"Nilikuwa nimjibu hapana."

Senga aliufunga mkoba wake.

"Mnajua wataandika nini?" Netta aliendelea. "Msaidizi wa mpishi. Hapo chini, karibu na yule malkia wa kola. Kwa jina langu la ubatizo, Janet Dalgleish, msaidizi."

"Supu ile nani aliipika?" Wattie aliuliza.

"Mimi."

"Na kastadi?"

"Wattie, unajua vizuri nani aliipika."

"Mimi najua. Ninauliza kama wewe unajua."

Netta alimtazama. Wattie, kwa mazoea ya miaka, akavaa kofia na kukaa wima.

Alinyanyuka, akamwuliza mlinzi kama inaruhusiwa kupiga simu, naye akamwonyesha ngazi za nje ya chumba, penye dirisha kubwa la kutazama paa za mji. Simu alipewa na binti yake, na kwa kawaida ilikaa kwenye droo pamoja na visu. Aliibonyeza kwa uangalifu. Rhona alipokea haraka sana, kama mtu ambaye hakuwa akifanya jambo lingine.

"Ni Bi Dalgleish. Niko kwenye jumba la picha."

"Umekwenda? Umeiona?"

"Nimeiona. Una kalamu?"

"Ninayo."

"Andika Janet Dalgleish. Lakini watu wananiita Netta, basi na Netta iwepo. Kazi, mpishi wa shule."

"Mpishi wa shule," Rhona alirudia huku akiandika. "Niweke msaidizi, au…"

"Umesikia nikisema msaidizi?"

"Hapana, Bi Dalgleish."

"Basi." Netta aligeuka. Kutoka pale aliweza kuona ndani ya chumba: Wattie anamega skonzi kwa siri chini ya kofia aliyoivua tena, na Senga amesimama mbele ya picha, shingo imekunjwa nyuma kama mtu anayehesabu mabomba ya moshi juu ya paa. "Na kuna jambo lingine. Wakija kuitundika upya, waishushe kidogo. Senga Pirie anaona tundu za pua yangu tu, na watoto wakiletwa hapa hawataona kitu."

"Sijui kama mimi naweza kuwaambia hivyo," Rhona alisema. "Wana wataalamu wao wa kutundika."

"Waambie tu, mwanangu, kwa upole. Wakikuuliza nani amesema, sema Netta Dalgleish amesema."